Koki ya Chumbani Kwangu

Jumatatu, 28 Oktoba

Nina miaka sabini na minane. Nimeizika serikali iliyotamba dunia nzima. Nimewazika kaka zangu wote, mke wangu, na madaktari wawili walioniambia niache sigara. Mkono mzito kwenye kalamu, lakini kichwa hakina kutu!

Binti yangu Aizirek karudi kutoka Denmaki. Mji ulimtuma akaone wenzetu wanavyopasha nyumba joto. Nao wana joto la bomba kama sisi hapa Bishkek – mtambo mmoja, mitaa mingi. Ila kule kila redieta, lile bamba la chuma la maji ya moto ukutani, ina koki yake. Ukisikia joto, unapunguza. Sisi je? Tunafungua dirisha! Theluji nje, dirisha wazi, mtu kakaa na fulana.

"Baba, unawapashia joto shomoro," kaniambia.

Anataka jengo letu liwe la kwanza kubadilishwa. Jumamosi ya tarehe tisa wakazi watapiga kura. Wakikataa, kazi yake yote ya huko imekwenda na maji, na wakubwa wake hawatampa jengo jingine.

Nikasema basi naweka koki kesho. Kashtuka! Eti bomba letu ni moja tu, maji yanapita ndani ya redieta yangu ndipo yaende kwa jirani. Lazima kwanza kila fleti ipate kibomba cha kupitisha maji pembeni. Eti kule Denmaki hakuna anayeanza peke yake. Wanakaa, wanabishana, wanakubaliana, halafu ndiyo mafundi wanaingia.

Maneno mengi. Mimi nimechochea tanuri la makaa tangu ndevu hazijaota. Nani wa kunifundisha maji ya moto?

Jumatano, 30 Oktoba

Nimenunua koki sokoni. Inang'aa kama jino la dhahabu. Nimeifunga mwenyewe kwenye redieta ya chumbani, mabomba yakiwa bado matupu. Aizirek simwambii. Siku ya kura nitawaita wote waje chumbani: tazameni, Mdenmaki wa kwanza wa jengo hili ni baba yake Aizirek!

Ijumaa, 1 Novemba

Joto limefunguliwa. Saa moja tu chumba kimekuwa bafu. Nikazungusha koki – redieta ikapoa. Dirisha limefungwa, mimi na chai yangu, raha tupu. Jikoni kuna bomba jingine, kule kuna moto wa kutosha.

Jumanne, 5 Novemba

Tangu alfajiri mtu anagonga bomba kwa kijiko. Sonunbubu wa chini. Baadaye kapanda mwenyewe, kajifunga shali mbili.

"Mzee Esenkul, kwako kuna joto?"

"Mwanamume hapimwi kwa joto."

"Sijaja kukuposa, nauliza joto! Mjukuu wangu kazaliwa juzi tu, analala na kofia!"

Kubat wa juu, yule dereva wa teksi, naye kachungulia ngazini. Kwake pia baridi. "Ni hiyo Denmaki ya binti yako, mzee. Hata kura bado, wameshaanza kutubania."

Nikamwambia afunge mdomo. Joto lisije likatoka.

Alhamisi, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Juu yangu baridi. Chini yangu baridi. Katikati ni mimi.

Nimeifungua koki. Mkono wake unazunguka, lakini ndani hakuna kinachozunguka. Takataka ya sokoni! Nimeshika spana, nimevuta hadi bega limelia. Wapi.

Aizirek kapita jioni, kaniletea maandazi. Hakula hata moja. Kapiga simu mtamboni, wanasema kwao kila kitu sawa. Majirani hawamwitikii salamu. Sonunbubu, aliyemlea akiwa mdogo, kamfungia mlango.

"Sijagusa hata bomba moja, baba. Hata moja. Labda niondoe tu hilo ombi kabla hawajanizomea."

Nilitaka kusema. Nikasema chai inapoa.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika jikoni. Wamejaa chumbani, wengine wako ngazini na makoti yao.

Mkutano ulianza hapo nje ya mlango wangu. Kubat alipayuka: "Wadenmaki wakae na akili yao, sisi tukae na joto letu!" Watu wakacheka. Wengine wakainua mikono kukataa kabla hata ya kuulizwa. Aizirek alisimama na karatasi zake, midomo imekauka.

Fundi bomba Gena akasema, ngojeni, kwanza niguse mabomba, fleti kwa fleti. Akaanza kwa Kubat. Akaja kwangu.

Basi nikasema. Kwa sauti! "Denmaki haijagusa kitu. Aizirek alinikataza. Ni mimi, na koki yangu!"

Kubat akacheka hadi akashika ukuta. Sonunbubu hakucheka. "Wewe mkongwe," kasema, "mtoto mchanga!"

Gena anasema koki imeshika vibaya. Akilazimisha inaweza kukatika, maji ya moto yashuke hadi kwa Sonunbubu. Ameomba ndoo. Zimeletwa ndoo kutoka kila fleti, hata ya Kubat. Wanabishana nani ashike wapi, nani akimbie kufunga bomba kuu chini. Wamekubaliana. Ajabu, wamekubaliana!

Kura haijapigwa. Aizirek kashika ndoo chini ya redieta, mgongo kanipa. Hajanitazama.

Lakini ijulikane: nilisema kabla. Mkono wa Gena ulikuwa umefika kwenye bomba, haujafika kwenye koki. Muulize Gena. Muulize Sonunbubu, alikuwa mlangoni na mtoto begani. Hata Kubat, siku akiamua kusema kweli. Nilisema kabla!