Jinsi ya Kumwambia Rubani Mzee Kwamba Amekosea

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya maboksi ya vigae, kwenye ghala la huku Nairobi, saa ya mapumziko ya mchana. Mgongo unauma kama kawaida yake, lakini leo sikuandikii kulalamika. Nina habari za Zaina. Wewe umelala Korogwe na mimi niko mbali, siwezi kuja kukaa kando ya kaburi nikakueleza, kwa hiyo nimeziandika. Na wengine wakizisoma, si vibaya.

Ulipotutoka, Zaina alikuwa rubani. Ulijivunia sana, ingawa kila alipokwenda kazini ulikuwa unatoka nje kuangalia upepo, kana kwamba mwanao anapanda mnazi. Baada ya msiba wako, madaktari wanaowapima marubani walimkuta na tatizo la mapigo ya moyo. Si ugonjwa wa kumlaza. Anatembea, anakula, anacheka na watu. Lakini rubani akikosa cheti cha afya harushi abiria, na hakuna wa kumbembeleza. Alinipigia simu akaniambia, "Kaka, mimi sijui kazi nyingine." Mimi niliyeacha shule darasa la sita nikaenda kupakia mkonge, ningemwambia nini?

Kumbe ulikuwepo mlango mmoja. Marubani, mama, wanajifunzia pia ardhini, ndani ya mashine wanayoiita simuleta. Ni chumba kama sanduku kubwa kilichosimama juu ya miguu ya chuma. Ndani ni chumba cha rubani hasa: usukani, saa, taa, kila kitu kama kwenye ndege yenyewe, na mbele kuna picha ya mawingu na uwanja. Sanduku linainama na kutikisika mpaka tumbo lako linaamini uko angani. Humo wanazimiwa injini, wanaletewa dhoruba, wanaanguka na kuinuka bila mtu kufa. Mkufunzi wa humo, Zaina alivyoelezwa, anaweza kuwa mtu aliyekosa kile cheti cha afya, maana sanduku haliendi popote. Ila ni lazima awe alikuwa rubani kweli, na ndege ya aina hiyo awe aliirusha yeye mwenyewe. Hilo Zaina alikuwa nalo.

Nikamwambia, "Basi si unaanza kesho?"

Akacheka. "Kaka, kujua kuogelea na kujua kumfundisha mtu kuogelea ni mambo mawili."

Kwanza walimpima upya yeye mwenyewe ndani ya sanduku, waone kama mikono bado inakumbuka. Halafu wakamweka darasani, si kujifunza ndege, bali kujifunza kufundisha: jinsi mtu mzima anavyoelewa jambo, jinsi ya kupanga somo, jinsi ya kumweleza mtu alichokosea baada ya somo. Akajifunza ile meza ya mkufunzi iliyo nyuma ya marubani, ambako anabonyeza moshi unatokea, anabonyeza mvua inanyesha. Akapandishwa ndege za kweli akakaa kiti cha nyuma ya wale wanaorusha, atazame tu, asije akafundisha kazi ilivyofanywa zamani. Baada ya hapo akaanza kufundisha huku mkufunzi mkubwa amekaa pembeni. Mwisho kabisa angekuja mkaguzi wa kumtazama akifundisha mtu. Akiridhika, anapewa kibali. Asiporidhika, mlango umefungwa, na Zaina hakuwa na mwingine.

Nakueleza kwa urefu hivi kwa sababu ningependa ujue kwamba mwanao hakupewa kitu cha bure.

Siku moja ya Jumapili aliniombea ruhusa nikaingia kutazama. Nilivaa shati lile la msiba wako, ndilo zuri nililonalo. Mkufunzi mkubwa wa Zaina ni mama mmoja Mkikuyu, mfupi, anaitwa Mwalimu Wairimu, na hana maneno ya kupoteza. Akaniambia, "Wewe kaka mtu, kaa pale, funga mkanda, usiguse kitu." Nikakaa kama gogo.

Mwanafunzi wa siku ile alikuwa rubani mzee, Mtanzania mwenzetu, nywele nyeupe, aliyekuja kufanya mazoezi yao ya mara kwa mara. Walimwita Kapteni tu. Zaina alipomwona akainama kidogo, "Shikamoo Kapteni." Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu, wa wapi wewe?" Zaina akasema Korogwe. "Aa, watu wa Mombo na machungwa." Zaina akamwambia machungwa ni ya Muheza. Wakacheka, wakaulizana habari za nyumbani mpaka Mwalimu Wairimu akatazama saa ya ukutani.

Sanduku likaanza kucheza. Mimi nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Mzee alikuja kutua, na hata mimi niliona ardhi inakuja haraka mno. Zaina alinieleza baadaye: ndege ikikaribia ardhi na mwendo bado ni mkubwa kupita kiasi, sheria ni kuacha kutua, unapanda tena, unazunguka, unakuja upya. Mzee hakuacha. Akaendelea, akagonga chini kwa kishindo, akapitiliza mwisho wa njia ya kutua. Ungekuwa ni uwanja wa kweli, mama, watu wangezikwa.

Wakatoka wakakaa kwenye chumba kidogo cha kuzungumzia somo. Zaina akasema, na hapa namnukuu kama nilivyomsikia, "Kapteni, kwa kweli umefanya vizuri sana. Labda pale mwishoni, kama ingewezekana, ule mwendo kidogo tu, lakini si neno."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake, akanyanyuka. Mwalimu Wairimu akamwahi mlangoni.

"Kapteni, umejionaje leo?"

"Salama. Binti kasema si neno."

Mzee akatoka. Mwalimu Wairimu akamgeukia Zaina. "Umemwambia amekosea?"

"Nimemwambia, Mwalimu."

"Hujamwambia. Umembembeleza kama mtoto anayekataa uji. Ameondoka hapa akijua yuko sawa, na limebaki somo moja tu kabla hajarudi kwa abiria." Halafu akasema bila ukali, "Ukifanya hivi mbele ya mkaguzi, nitamwambia mwenyewe asikupitishe."

Tukiita hiyo adabu, mama, hatukuwa tunadanganyana. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa umri wa baba yako humwambii umekosea. Unasema mvua inakuja, yeye mwenyewe aanue nguo. Zaina alijua ndege, alijua meza yake ya vitufe, alijua somo. Kilichomshinda ni mvi.

Jioni tulikaa kwenye chumba alichopanga, akanipikia wali na maharage akaunguza. Ndipo nikamkumbusha darasa lako, na nikagundua hakulijua. Alikuwa mgongoni mwako wakati ule, amelala ndani ya khanga.

Nikamsimulia ulivyokuwa ukifundisha ngumbaru pale shule ya msingi, watoto wakishatoka. Wazee wanakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Mimi nakaa nao kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kuniangalia. Na siku babu aliposhuka kutoka Bungu akasema naye anataka kujifunza kuandika jina lake, mtaa mzima ulishika tama. Wewe Mzigua wa Handeni, umeolewa kwa Wasambaa, halafu umfundishe baba mkwe? Mkwe ambaye ulikuwa hukai naye uso kwa uso, na jina lake hulitamki?

Sijasahau ulivyofanya. Babu alipofika mlangoni ulipiga goti, ukamwamkia, ukamtafutia kiti cha mwalimu ili asikunjike kwenye dawati. Heshima yote uliitoa pale mlangoni, hukubakiza. Kisha ukashika chaki. Babu akaandika herufi yake ya kwanza, ukaitazama, ukasema, "Baba, hii si herufi. Futa, uandike tena."

Babu akasema, "Mke wa mwanangu ananiambia nimekosea mbele ya watu?"

Ukamjibu kwa sauti ya chini, macho yako yakiwa chini pia. "Nyumbani mimi ni mkweo. Hapa nikikunyamazia, baba, nitakuwa nimekudharau."

Akafuta. Aligeuka akatutazama sisi wote kama sisi ndio tumeharibu, lakini alifuta. Na ilipofika zamu ya jina zima, wewe hukuweza kulisoma kwa mdomo wako. Ukaliandika ubaoni, ukamnyooshea chaki mzee mmoja fundi baiskeli aliyekaa dawati la mbele. Akasoma kwa kukwama, "M-hi-na." Babu akasema, "Mhina ni mimi," kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Zaina alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza, "Alisema atakuwa amemdharau?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza tena, na mimi nikajibu tena. Kisha akaenda kusugua sufuria iliyoungua.

Siku ya mkaguzi sikuwepo, nilikuwa nashusha mzigo. Haya nimeyapata kwake na kwa Mwalimu Wairimu pia, ambaye siku hizi ananisalimia. Mwanafunzi alikuwa yuleyule Kapteni. Zaina alimwamkia nje, akamuuliza watoto, wajukuu, hata mbuzi wa huko kijijini kwake. Akamshikia mkoba kwenye ngazi. Walipoingia ndani akafunga mlango, akamwambia, "Kapteni, tukiwa humu nitakwambia kila ninachokiona. Ukiona nimekaa kimya, ujue uko sawa."

Mzee akasema, "Haya, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Akakosea palepale, mama. Mwendo mkubwa, akaendelea kutua. Zaina akaisimamisha mashine, picha ikaganda, ardhi ikiwa puani. Akamwambia, "Kapteni, hapa ulitakiwa kuacha kutua. Hukuacha. Ni nini kilikufanya uendelee?"

Zaina anasema kimya cha mzee kilikuwa kirefu kuliko safari ya Handeni wakati wa mvua. Mkaguzi alikuwa nyuma yake akiandika. Zaina hakuongeza neno la kupoza, hakusema "labda," hakusema "si neno." Mwisho mzee akatoa miwani akaifuta.

"Niliona aibu kuanza upya," akasema. "Miaka yote hii, nionekane siwezi kutua mara moja."

"Turudie?"

"Turudie."

Akarudia. Mwendo ukazidi tena, na safari hii akaacha mwenyewe, akapanda, akazunguka, akaja kutua vizuri. Kwenye ngazi wakati wa kushuka akamwambia Zaina, "Umenisema mwanangu. Mke wangu tu ndiye hunisema hivyo, naye hanishikii mkoba."

Kibali amepata. Nilipopigiwa simu nilikuwa na boksi begani, nikalitua taratibu, nikakaa juu yake, na msimamizi akanipigia kelele, nami nikaendelea na simu. Nilimuuliza Zaina, "Sasa wamemaliza kukupima?" Akasema hawamalizi. Kibali kina mwisho wake, na kila baada ya muda watarudi kukaa nyuma yake wamtazame anafundishaje, naye atarudi kukaa kwenye ndege awatazame wanaorusha. Nikasema hiyo ni kazi ngumu kuliko ya vigae. Akasema, "Siyo, kaka. Wewe mgongo unauma."

Ni kweli unauma. Lakini chakula kinashuka, mama, na usingizi unakuja. Mapumziko yanaisha, wenzangu wameanza kuvaa glovu. Lala salama huko, na msalimie babu, mtaje jina lake ukitaka, sidhani kama huko kuna mkwe.

Zaina ana somo mchana huu. Wakati nakuandikia yuko ndani ya lile sanduku, mtu mkubwa anakosea mbele yake, naye anamwambia.

Mwanao wa kwanza,
kaka yake Zaina