Ukurasa wa Mzee Yoakimu

Bagara, Babati,
9 Septemba 2005

Mpendwa dada Edda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na shemeji, pamoja na Restuta, ambaye nasikia sasa anakupita urefu. Huku kwetu tunaendelea. Mahindi tumeshayaingiza ndani, na mama yangu bado anasumbuliwa na miguu, lakini kanisani hakosi. Kila Jumapili ananiuliza kama nimekujibu, nami nimekuwa nikimdanganya kwamba barua iko posta.

Barua yako niliipata mwezi wa saba. Nimetembea nayo kwenye mfuko wa koti mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umesema kile kitabu cha tamasha kilichokutwa chini ya godoro la marehemu baba yako umekitunza vizuri, na unataka niutafsiri ule ukurasa wenye picha yake, ambao umeniwekea nakala yake kwenye bahasha, usomwe kanisani siku ya misa ya mwaka, tarehe kumi na tano Oktoba, ili watu wajue kwamba Mzee Yoakimu aliheshimiwa hata Ulaya. Kwa mwalimu wa Kiingereza hiyo ni kazi ya nusu saa. Mimi imenichukua miezi miwili. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kisha unikasirikie utakavyo.

Mwanzo wake unaujua. Mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, kila ofisi ikitafuta kitu cha kujivunia, ndipo kaseti ya kikundi chetu ikatumwa London kwa watu wanaoandaa matamasha ya muziki wa mataifa. Jibu lilikuja upesi kuliko tulivyotegemea. Walimtaka yule mzee wa zeze anayeanzisha nyimbo, pamoja na wenzake watano wanaoitikia. Jumla watu sita. Mimi katibu, niliyeandika barua zote hizo kwa mkono wangu, sikuwamo. Baadaye tukasikia kwamba ubalozi umemkataa Mzee kwa sababu ya kifua chake, na nafasi yake nikaichukua mimi. Alikuja kutuaga stendi amevaa koti lake la Pasaka, akanishika mkono, akaniambia niwaangalie wenzangu barabarani maana magari ya kule ni mengi.

London, dada, wakati wao wa joto jiji zima hutoka nje. Kila bustani ina jukwaa. Jioni moja tuliwasikia watu wa Mali, tukavuka barabara tukawakuta wanawake wa Bulgaria wakiimba bila chombo chochote, na mbele kidogo Wahindi wenye ngoma za kupigwa kwa vidole. Watu wamelala kwenye majani na watoto wao, wanakula, wanapiga makofi kwa lugha wasiyoijua. Saa tatu usiku jua bado lipo. Paskasi, mpiga ngoma wetu, unamjua alivyo mbishi, siku ya kwanza alikataa chakula cha usiku akisema usiku haujafika. Nilifurahi sana siku zile, sitakuficha. Kufurahi kwangu ndiko kunakoniuma sasa.

Siku yetu ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa mwanzishaji hatukuwa naye, wenyeji walisema sauti yake itoke kwenye kaseti na sisi tuitikie. Kabla kaseti haijawashwa, watu wote bustanini walisimama kimya dakika nzima. Paskasi akaniuliza kwa sauti ya chini wanasimamia nini. Nikamwambia ni desturi yao. Kisha sauti ya Mzee ikatoka kwenye maspika makubwa, na nikaona wanawake wa Kizungu wanafuta machozi. Unakumbuka sheria yake, kwamba aliyeanzisha wimbo ndiye anayeufunga, mwingine haruhusiwi. Basi katika wimbo wa mwisho kaseti iliisha katikati. Wenzangu waliendelea kuitikia, wakisubiri afunge, wakarudia mara nne, mara tano, mpaka yule mama mwenyeji wetu akatuashiria tushuke.

Mwezi wa nane mwaka jana kifurushi kilifika parokiani, nikampelekea Mzee mwenyewe nyumbani Maisaka. Kilikuwa ndicho hicho kitabu. Alifurahia picha, akaisogeza mwangani, kisha akaona namba zilizo chini yake: 1932–2004. Kusoma Kiingereza hakuweza, lakini dada, misalaba yote ya saruji pale makaburini kwetu nani aliichora majina na miaka kwa msumari kabla saruji haijakauka? Aliniuliza ile miaka ni ya nini. Nikamjibu kwamba wa kwanza ni wa kuzaliwa na wa pili ni wa tamasha. Akakifunga kitabu. Halafu akaniuliza wimbo wa mwisho ulifungwa na nani. Hapo nilimwambia kweli, kwamba haukufungwa. Akasema basi, amesikia. Akalitundika zeze ukutani, na tangu siku ile hakulishika tena.

Kifua kilipomrudia mwezi wa tisa nilikwenda na gari la kuazima nimpeleke hospitali. Alikataa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, mtu ambaye msalaba wake umeshaandikwa anapelekwa hospitali kufanya nini. Paskasi alidhani ni homa inasema. Mimi nilielewa, nikatoka nje, nikarudisha gari. Wiki ya tatu baada ya hapo tukamzika. Wewe umeniandikia kwamba kama ungepata ruhusa kazini ungekuja kumlazimisha, na kwamba hulali ukifikiria. Lala, dada. Si wewe.

Ubalozi haukumkataa baba yako. Haukuwahi kuiona fomu yake. Niliitoa kwenye bahasha usiku wa kuamkia safari ya kuzipeleka Dar es Salaam, nikaweka yangu. Nilijiambia yeye ni mzee, atachoka njiani, na mimi ndiye niliyeihangaikia safari ile. Tulipofika uwanja wa ndege wa London, mama mwenyeji, Bi Helen, alituhesabu, akatazama nyuma yetu, akauliza mzee yuko wapi. Nikamwambia alikataliwa. Akasema hilo ni jambo dogo, atapiga simu ubalozini sasa hivi, na Alhamisi Mzee atakuwa ndani ya ndege. Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Nikaona nimekwisha. Nikamwambia kwamba nimemficha ukweli kwa uchungu, Mzee amefariki.

Basi tafsiri yako hii hapa, sikuongeza wala kupunguza: “Tamasha la mwaka huu tunalitoa kwa kumbukumbu ya Yoakimu wa Babati, mwimbaji na mpiga zeze, aliyefariki wiki chache kabla ya kufika kwetu. Jumamosi hadhira ilisimama kimya kwa heshima yake. Tunaipa pole familia yake.” Juu ya ukurasa wameandika Julai. Baba yako alifariki Oktoba.

Fundi wa msalaba amekuja kwangu mara mbili, maana ulimwambia Mwalimu ndiye mwenye tarehe zote. Sijampa. Najua mwaka ni uleule, na nikibadili maneno machache ya ukurasa ule, hakuna hata mmoja kanisani atakayeshtuka. Watanishukuru. Hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Sasa unajua, amua wewe. Ukisema usomwe, nitausoma mimi mwenyewe mbele ya watu wote, na baada yake nitaisoma barua hii. Ukisema nisikanyage kwenye misa hiyo, sitakanyaga. Wenzangu wanataka kuimba siku hiyo, lakini ule wimbo wa mwisho hawathubutu kuugusa, kwa kuwa wa kuufunga hayupo.

Mama anakusalimu sana, naye hajui lolote kati ya haya. Msalimie shemeji, umbusu Restuta. Zeze lake, nililoachiwa baada ya mazishi, nimelifunga kwenye kitenge na kumkabidhi kondakta wa basi pamoja na barua hii. Sikuona haki libaki kwangu.

Ni mimi, niliyemwita baba yako Baba,
Apolinary