Kigingi Nilichopiga Maji Mafu

Jumatatu, 5 Shaabani. Korogwe.
Mvua asubuhi. Nimenakili barua nne za Bwana wa vipimo. Wino unavuja. Ruvu, mto wetu ushukao hadi Pangani, umejaa, mwekundu kwa udongo. Bwana yuko Handeni anapima barabara, kwa hiyo hakuna wa kunifokea. Raha.
Juzi vijana ishirini wa kwetu Kwedizinga walipanda treni kwenda pwani kujenga ukuta wa mawe. Mdogo wangu Athumani yumo. Jina lake katika orodha ya kazi ya lazima nililiandika mimi. Wenzao wamepelekwa kuvunja mawe ya reli, nikaona heri pwani. Yeye hajui.

Jumanne, 6 Shaabani.
Nimenunua samaki wakavu kwa Bi Mwanaidi, mama wa Pangani auzaye hapa sokoni. Nikajisifu, kama kawaida yangu. Nikamwambia Bwana alinituma pwani mwezi uliopita, pale bahari inapokula ufuko tangu mikoko ilipokatwa kwa ajili ya magome ya kusindika ngozi. Ghala la Wadachi linakaribia kuanguka. Kigingi cha kuonyesha mwisho wa maji nilikipiga mimi, na kambi imejengwa kwa kukifuata.
Akaniuliza, "Siku hiyo mwezi ulikuwa wa ngapi, baba?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye. Nimefungua daftari hili. Kigingi nilikipiga tarehe 8 Rajabu.
Nikarudi sokoni mbio. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Mwezi ukiwa nusu maji ni mafu, hayapandi sana. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji hupanda mbali. Na mikoko iliyokuwa ikiyavunja mawimbi haipo tena.
Mimi mtu wa bara. Niliangalia alama ya unyevu kama ninavyoangalia ukingo wa Ruvu, nikaongeza hatua kumi, nikajiona mwerevu. Mwezi nautazama kwa ajili ya kufunga tu. Mjinga mimi. Bwana naye kwao ni milimani, bahari aliiona akiwa melini.

Jumatano, 7 Shaabani.
Sikulala. Kambi iko hatua tano nyuma ya kigingi. Ina ua wa miti, na askari hufunga lango kwa mnyororo jua likizama, vijana wasitoroke. Barua ya amri hiyo niliinakili mwenyewe kwa mwandiko mzuri.
Athumani hajui kuogelea. Kwetu hakuna ajuaye.
Bamvua ni tarehe 15.

Alhamisi, 8 Shaabani.
Nimekwenda stesheni. Hawapeleki simu ya waya bila sahihi ya Bwana.
Nikikiri ni viboko ishirini na tano, na kazi basi. Nikinyamaza, labda maji hayatafika. Naviogopa viboko. Nimewahi kuhesabu nikiwa karani, mtu mwingine akipigwa.

Ijumaa, 9 Shaabani.
Nimeswali, nimefunga mkate, naondoka kwa miguu kwenda Handeni.

Jumamosi, 10 Shaabani. Kwedizinga.
Nimepita kwa mama. Akaniuliza habari za Athumani. Nikasema yuko salama. Akasema nimekonda, akanifungia mihogo. Laiti angejua anamfungia nani.

Jumapili, 11 Shaabani. Handeni.
Nimefika jioni, miguu imevimba. Nimemwambia Bwana yote, nimesimama wima. Akasema viboko ni asubuhi.

Jumatatu, 12 Shaabani.
Ishirini na tano. Nilipiga kelele kuanzia cha tatu.
Kisha akaandika barua ya kuwahamisha vijana, akaipiga muhuri, akanipa mimi niipeleke stesheni. Hakuna tarishi mwingine, alisema. Naandika nimelala kifudifudi. Nitaondoka sasa hivi, nikipoa sitaweza kunyanyuka.

Jumatano, 14 Shaabani. Korogwe.
Nimefika mchana. Kwa mama sikupita. Wameipokea barua. Mpiga simu alikuwa anakula, nikamngoja amalize, nikitamani kumpokonya sahani. Amepeleka. Hakuna jibu.

Alhamisi, 15 Shaabani.
Hakuna jibu. Mwezi umetoka mzima juu ya mto. Siutaki kuuona.

Ijumaa, 16.
Hakuna.

Jumamosi, 17.
Stesheni wanasema waya umekatika kule chini tangu Jumatano. Jumatano saa ngapi? Hawajui. Ee Mungu wangu.

Jumamosi, 24 Shaabani.
Athumani ameshuka kwenye treni ya mchana. Mweusi kwa jua, midomo imepasuka kwa chumvi. Wote ishirini wamerudi.
Simu ilifika Jumatano alasiri. Askari alinung'unika, lakini akawahamishia kilimani. Kesho yake jua likizama bahari ikapanda, ikaingia kambini, ikachukua mikeka, vyungu na lango pamoja na mnyororo wake. Ukuta umelala chini. Maji yalipotoka yaliacha tope jekundu. Athumani anasema ni udongo wa huku kwetu, mto unaupeleka. Alihesabu hatua kutoka kigingi changu hadi palipobaki majani na takataka za bahari. Arobaini na moja.
Jioni alinipaka mafuta ya nyonyo kwenye vidonda. Akauliza, bila hasira, ni nani aliyeandika jina lake.
Nikamwambia ni mimi.
Mkono wake ukasimama. Nikasikia mvua inaanza kwenye makuti. Kisha akachovya tena mafuta, akaendelea kunipaka.