Bafu la Bibi Kati ya Majabali

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Igoma, chumbani kwangu, nimekalia ndoo niliyoigeuza kwa sababu kiti kimevunjika. Mgongo unauma. Saruji imeingia kwenye nyufa za vidole, hata kalamu siishiki vizuri. Lakini leo nisipokuandikia nitapasuka. Nimeona jambo, na mtu wa kumsimulia ni wewe.

Wenzangu wanasema mtu akishazikwa haandikiwi. Sawa. Mimi niliishia darasa la nne, na kuandika kwenyewe nimekujulia kwa kukuandikia wewe. Katekista alikuwa anakusomea barua zangu, na wewe ukimwambia arudie pale niliposema nimekula nimeshiba. Sijui kumwandikia mtu mwingine.

Tangu uondoke, mji huu umegeuka. Unaikumbuka ile miaka tuliyopanga foleni ya sabuni pale Kasulu, wewe ukaoga kwa majani ya mpapai na kusema eti ngozi inakuwa laini zaidi? Siku hizi sabuni zimejaa madukani, za rangi zote, zingine zinanukia mpaka unataka kuzila. Kila kitu kinaingia nchini. Na watu waliopata fedha kwenye sangara wanajenga. Wanapasua mawe ya vilimani, wanapandisha nyumba juu kabisa ziwa lionekane. Zamani mtu akijenga alikuwa anakuonyesha sebule. Sasa anakushika mkono moja kwa moja mpaka bafuni. Ndiyo, Mama, bafuni. Mgeni hajakaa, hajapewa hata maji ya kunywa, tayari anaonyeshwa mahali pa kuogea.

Nyumba ninayofanya kibarua ni ya tajiri mmoja Msukuma anayepeleka samaki kiwandani. Mke wake tunamwita Mama Kulwa, maana alizaa mapacha. Bafu lao walilitoa kwenye kitabu cha picha kilicholetwa na shemeji yao kutoka Nairobi. Fundi Deo, Mhaya wa Bukoba ninayemsaidia, alikuwa anakitundika kile kitabu kwenye msumari, anakitazama, anapiga ishara ya msalaba, halafu anaanza kazi.

Siku lilipoletwa sinki la kuogea, lile refu la kujilaza, la rangi ya waridi, tulilibeba watu wanne kwenye ngazi za mawe. Vibarua hawakuwa wameona kitu kama kile. Mmoja akasema, "Tajiri ameamua kufuga ndama humu humu ndani, hili si birika la kunyweshea?" Mwingine akajibu, "Ndama gani anywe kwenye kitu kizuri hivi, labda awe anasoma sekondari." Tulicheka mpaka tukalazimika kuliweka chini. Fundi Deo akatutukana kwa Kihaya.

Mama, lile bafu. Nikueleze vipi? Kuta zimevishwa marumaru kutoka sakafuni mpaka darini, nyeupe, na katikati umepita mkanda wa maua madogo ya bluu, mmoja baada ya mwingine, hauonyeshi ulipoanzia wala ulipoishia. Koki zina rangi ya dhahabu. Kuna choo cha kukaa, na pembeni yake kisinki kidogo kingine ambacho hata Fundi Deo hakujua ni cha nini, akasema labda ni cha kuoshea miguu, akaomba asiulizwe tena. Kioo kinachukua ukuta mzima. Siku ya kwanza kilipowekwa niliingia na ndoo ya saruji nikamkuta mzee mmoja mchafu ananitazama. Nikamsalimia. Ilikuwa mimi.

Na dirisha. Ukijilaza kwenye lile sinki, unaliona ziwa lote. Maji chini, wewe ndani ya maji juu.

Tulipomaliza, Fundi Deo alifungua koki ya maji ya moto. Maji yalianza baridi, yakakohoa, kisha yakaja moto, yakitoa mvuke, kutoka ukutani, Mama, hakuna kuni wala sufuria, na hakuna mtu aliyepuliza jiko. Kuna pipa linaloitwa hita, umeme unalichemsha. Hata siku ya mgao, umeme ukikatika, maji yanabaki na joto lake humo ndani kama chungu kilichofunikwa. Fundi akaniambia, "Nawa na wewe, umebeba kila jiwe la humu." Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na uso. Sikuthubutu zaidi. Nilikukumbuka ulivyokuwa unaanika mtungi juani toka asubuhi ili jioni upate maji ya uvuguvugu, na unatufukuza tusiuguse, "Hayo ni maji yangu mimi, nyie ngozi zenu bado mpya." Nilisimama pale nikilia, nikajifanya saruji imeniingia machoni.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mama Kulwa ana mama yake, bibi wa umri wako kama ungekuwepo, anakaa kule Usagara. Mguu wake una kidonda ambacho kimegoma kupona. Daktari wa hapa mjini akasema kioshwe kwa maji ya moto kila siku, na aonwe mara kwa mara, la sivyo mguu utakatwa. Basi wakamleta akae kwa mwanawe mpaka apone. Alifika amebebwa kwenye kiti, ana fimbo mkononi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuigonga nguzo ya baraza kwa ile fimbo kupima kama nyumba itasimama.

Mama Kulwa akampeleka bafuni kwa fahari. Bibi akatazama marumaru, akatazama koki za dhahabu, akajitazama kwenye kioo akarekebisha kitambaa cha kichwa. Akasema, "Pazuri. Kama kanisa." Halafu akauona mlango wa pili.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, Mama, na sote tulilipita bila kuliona, fundi, mimi, tajiri mwenyewe. Kwenye kile kitabu cha Nairobi bafu lilikuwa moja, lina milango miwili, mmoja unatoka chumbani kwa mume na mke, wa pili unatoka ukumbini kwa wageni. Tukajenga kama picha inavyosema. Aliyechora ile picha hakuwa na mkwe.

Bibi akauliza, "Na mume wako anaoga wapi?"

Mama Kulwa akaanza kuifuta koki kwa upindo wa kanga.

"Nakuuliza. Mkwe wangu anavua nguo wapi?"

"Hapa, mama."

"Na mimi nivue hapo hapo. Maji yaliyomtoka yeye yapite kwenye miguu yangu." Akageuka, akatoka, fimbo inagonga marumaru zetu.

Wewe ungemwelewa bila kuambiwa. Kwetu Kasulu si ndivyo? Baba mpaka leo akisikia sauti ya bibi yetu aliyekuzaa njiani anapita shambani. Tajiri naye, pamoja na magari yake, hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Akitaka kumsalimia anasimama nyuma ya mlango wa jiko, anapiga magoti huko huko, anatuma salamu kwa mkewe. Nimemwona kwa macho yangu, mtu mwenye suruali ya kupigwa pasi, amepiga magoti kwenye maganda ya viazi.

Bibi hakuoga. Walimpelekea beseni nyuma ya jiko akakataa, kwa sababu watoto wa jirani wanapanda juu ya mawe na kuona mpaka uani. Alikuwa anajifuta kwa kitambaa gizani tu. Kidonda kikaanza kunuka. Mama Kulwa akamsihi akalia, bibi akasema afadhali arudi Usagara afe na mguu wake na heshima yake. Akafunga kanga zake kwenye bunda. Akaomba gari la Jumatatu.

Nilikuwa napanga matofali uani, nikasikia yote. Mama, niliwaza kwamba huyu bibi anaondoka, mguu utakatwa au atakufa, na ndani kuna maji ya moto yanamsubiri ukutani. Nilishindwa kula mchana.

Tajiri alipopata habari sikumsikia akilalamika. Nilidhani atasema hayo ni mambo ya zamani, maana ndivyo wenye fedha wanavyosema siku hizi. Alikuja uani, akamwita Fundi Deo na mimi. Akasema, "Mjengeeni mama bafu lake. Lisipungue uzuri hata kidogo kwa hili la ndani. Na mimi sitalikanyaga, hata likipasuka bomba mtamwita mtu mwingine." Kisha akaongeza polepole, "Muulizeni yeye mwenyewe analitaka vipi."

Basi bibi akabebwa na kiti chake mpaka nyuma ya nyumba, akawa mkuu wetu wa kazi. Alizungusha macho, akaelekeza fimbo katikati ya majabali mawili makubwa yaliyosimama kama watu wanaonong'onezana. "Hapo. Hayo yatanificha pande mbili, nyie ongezeni mbili zilizobaki, na mziinue watoto wachoke kuchungulia."

Fundi Deo akauliza habari ya paa.

"Paa la nini? Nioge nimefungiwa kama gunia la mpunga ghalani?"

Fundi akamletea marumaru nyeupe. Akazikataa. "Hizo ni za hospitali, nimezichoka." Akaona rundo la zile zilizovunjika wakati wa kukata, nyeupe, bluu, na zingine za waridi na za kijani zilizotoka jikoni. Akazichagua kipande kwa kipande kama anachagua kitenge sokoni, akitupanga sisi na mawe yetu. "Hiki hapa. Hicho hapana, kinamwonea mwenzake wivu. Weka cha kijani." Mafundi wazima wawili tukawa tunasema ndiyo bibi, ndiyo bibi. Na sakafuni hakutaka kinachong'aa. "Niteleze nife bafuni, watu waseme nini msibani?" Tukateremka ziwani tukaokota kokoto za duara zilizolambwa na maji, tukazipanda kwenye saruji karibu karibu, mguu ukikanyaga unashikwa. Nilizipanda mimi. Nilipiga magoti siku hizo zote nikazipanda kama mtu anapanda maharage, na kila moja niliigeuza kwanza nione upande mzuri.

Bomba la maji ya moto tulilipitisha kutoka kwenye hita, tukalitokeza juu kwenye jabali, tukafunga bomba la mvua la kuogea. Likawa linatoka kwenye mwamba wenyewe. Fundi Deo alisimama akalitazama, kisha akakifunga kile kitabu chake cha picha.

Jana ilikuwa Jumapili. Bunda la bibi lilikuwa bado limefungwa, liko mlangoni. Alikuwa hajasema anabaki wala anaondoka. Mama Kulwa na dada wa kazi walimwingiza, wakamwekea kigoda cha kukalia, wakatoka, tukasimama wote mbali, wanaume tumegeuza migongo. Tajiri alikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Nakiona kivuli chake.

Maji yakafunguliwa. Mimi naomba, Mama, naomba yasiwe moto mno, yasiwe baridi, kokoto zisimuumize. Kisha mvuke ukaanza kupanda. Ukatoka juu ya ukuta, ukapita katikati ya majabali, ukaenda kwenye mbingu nyeupe. Pimbi wakatoka kwenye mapango yao wakakaa kwenye mwamba, wamejipanga, wanatazama. Bibi akawaambia, "Nyie tazameni tu, hamnihusu." Halafu tukamsikia anaimba. Wimbo wa Kisukuma wa kulima, sikuelewa maneno. Aliimba taratibu, akaacha, akavuta pumzi, akaanza tena. Mama Kulwa alijifunika uso kwa kanga. Na mimi sijui nikuambie nini. Ngozi ilinisisimka kama siku ile ya kipaimara. Mtu mzee anaoga tu, hakuna zaidi. Lakini nilihisi tumesimama mahali ambapo inafaa kuvua kofia, nikaivua.

Alikaa humo mpaka maji ya hita yakaisha. Ndipo akapaza sauti:

"Nyie huko! Mwambieni mkwe wangu nashukuru. Na mwambieni hakuna pa kutundikia kanga. Kila siku nitakuwa naiweka kwenye mawe?"

Kila siku, alisema.

Mlango wa jiko ulifunguka kwa kishindo, tajiri akatoka mbio upande wa pili, na soksi zake, anapiga kelele, "Msumari! Leteni msumari! Nyundo iko wapi?" Kajikwaa, kacheka, kainuka. Mama Kulwa akaenda kulifungua lile bunda.

Ndiyo hayo, Mama. Kidonda leo kimeoshwa tena, na bibi amenituma nimtafutie kokoto zaidi, eti anataka na njia ya kutokea.

Ulipofariki nilichelewa. Treni ya Tabora, basi, miguu, nikafika matanga yameisha, udongo umeshaanza kukauka. Sikuwa na cha kukufanyia, nikasimama tu, nikarudi kwenye kazi za watu. Leo Mama Kulwa amenipa marumaru zilizobaki, akasema fanya unavyotaka. Nimeziweka chini ya kitanda. Mvua za vuli zikipita nakuja nazo. Nitakujengea kaburi lako mwenyewe, si kwa picha ya mtu. Wifi yako ambaye mlikuwa mnachekana naye nitamuuliza rangi ulizokuwa unapenda. Na juu nitaweka mwinamo kidogo kuelekea kwenye migomba, maji ya mvua yakuoshe na kwenda zake, yasikae juu yako.

Lala salama, Mama. Leo nimekula, nimeshiba.

Mwanao