Majalada Kumi na Mawili Kwenye Umuhigo Wangu

Kabeza, Kigali
Jumatano, 9 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Winifred,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ile miguu imeacha kuvimba. Bado unakwenda kliniki kila mwezi, au umerudia kujitibu mwenyewe kwa tangawizi? Mama, wifi yako, hajambo. Amevuna maharage kule Gahanga na vumbi limemshika kifua kidogo, lakini anacheka. Mimi afya ninayo, ila usingizi umepungua.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Simu ninayotumia ni ya ofisi, na sijui nani huisoma baada yangu. Ndiyo maana barua hii nimempa Twahiru, fundi cherehani jirani yetu, ambaye kesho anakuja huko Mwanza kwenye harusi ya mpwa wake. Bahasha nimeigundisha na kuandika jina langu juu ya mahali ilipofungwa. Ukikuta jina limekatika, nijulishe.

Shangazi, jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba tangu Machi mimi ni karani wa masjala katika ile kampuni ya kutoa mizigo forodhani, karibu na njia panda ya Sonatubes. Kila Julai mfanyakazi hukaa na mkuu wake kupanga imihigo (mmoja ni umuhigo), yaani ahadi zake za kazi za mwaka mzima. Ahadi hizo haziishii kwenye faili. Unasimama mbele ya wenzako wote, unazisoma kwa sauti, na wanakupigia makofi. Zamu yetu ni Ijumaa hii.

Jumatatu mkuu wetu, Bwana Kenny, aliniita. Nilikuwa nimejiandalia malengo matatu kwa mwandiko mzuri, lakini hakuyaomba. Fomu yangu ilikuwa imeshajazwa. Lengo: kupata majalada yote yaliyopotea. Hali ya sasa: majalada kumi na mawili hayaonekani. Mhusika: Ihirwe. Palibaki mahali pa saini tu.

Lengo si baya. Lakini majalada hayo yalipotea kabla sijafika, wakati wa Ndihokubwayo, karani aliyeondoka bila kumkabidhi mtu ofisi. Fomu haisemi hivyo. Atakayeisoma ataelewa kwamba kabati ni langu na upotevu ni wangu, tena niliutangaza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Niliomba muda wa kufikiri. Bwana Kenny alikulia Kampala na Kiswahili cha huko unakijua kilivyo. Akacheka: "Dada, hii iko kitu kidogo tu. Sasa unaogopa nini kama haukufanya kitu?"

Tangu hapo kila kitu nakitazama mara mbili. Yeye ambaye hakuwahi kunisalimia, sasa anauliza habari za mama. Mukashema wa mapokezi ameniletea chai mezani, jambo ambalo hajalifanya tangu nianze kazi, kisha akaninong'oneza: "Wee dada, wakaguzi wanakuja mwezi wa nane. Hiyo karatasi usiisaini kama kitabu cha wageni." Nikamshukuru. Alipoondoka nikajiuliza nani amemtuma. Chai sikuinywa.

Unakumbuka ulivyonionya nisipokee funguo za kabati lolote bila orodha yenye saini? Wenzangu walinitania: "Huyu Mtanzania na makaratasi yake!" Lakini siku ya kwanza nilihesabu, nikaorodhesha kumi na mawili yasiyokuwepo, na Bwana Kenny akasaini bila kusoma, simu ikiwa sikioni. Jana nilifungua kabati niichukue ile orodha. Haimo. Funguo za kabati ni mbili: mmoja ninao mimi, wa pili anao yeye. Simshutumu. Labda niliiweka vibaya. Nimetafuta mara nne na bado nasema labda.

Wasichojua ofisini ni kwamba siku ile ile nilitoa nakala mbili. Moja imo ndani ya Biblia ya mama. Ya pili ndiyo hii iliyokunjwa ndani ya barua yako. Iweke pamoja na hati za kiwanja, na usimwonyeshe hata mwanao Keith, maana yeye hupiga picha kila kitu. Ukiipata usinipigie simu. Mwambie tu Twahiru aje aniambie kwamba kitambaa kimefika.

Kukataa siwezi. Asiyetoa ahadi mbele ya wenzake huonekana mvivu, na muda wangu wa majaribio unaisha Septemba. Nikikosa kazi hii, dawa za mama sijui zitatoka wapi. Kwa hiyo nitasimama, ila nimeongeza maneno machache kwa kalamu, na Ijumaa nitasoma hivi: "Siku nilipopokea kabati, tarehe 3 Machi, majalada kumi na mawili hayakuwepo, na Bwana Kenny ni shahidi wangu. Naahidi kuyatafuta yote, na kusema nimeyakuta wapi."

Nimejizoeza mbele ya kioo. Sauti hunitetemeka nikifika kwenye neno shahidi, kwa hiyo hapo nitasoma polepole, ili wote wasikie.

Nisalimie Keith, Mukamana na mtoto wake Shimwa; mwambie Shimwa kwamba gauni lake Twahiru amelibeba. Mungu aliyekutunza katika ofisi zako zote na akutunze sasa ukiwa umestaafu, na siku ya Ijumaa unitaje katika sala zako asubuhi, kabla ya saa tatu.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Ihirwe