Fahali Aliyefika Kabla ya Kitabu

Kitengela, Jumamosi, Januari 2009. Jua la saa nne asubuhi, na vumbi limeshatanda juu ya meza niliyoifuta baada ya chai.

Niwieni radhi, nyinyi wachache mnaosoma blogu yangu hii. Tangu Oktoba sijaandika neno. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilinyamaza kwa kusudi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kazi moja ya uandishi na sikutaka kuitaja kabla haijasimama kwa miguu yake.

Sasa imetajwa. Si mimi niliyeitaja.

Nina hasira, na leo sitazificha.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Tulihamia huku kutoka Machakos mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati nyumbu walipokuwa bado wakipita nyuma ya nyumba yetu kana kwamba ploti ni yao. Kila Januari hujiwekea malengo kama mwandishi Mkristo: machache, ya kutekelezeka, yasiyohitaji ngoma. Mwaka huu nilikuwa na lengo moja tu, kumaliza kitabu. Nilimwambia Mungu. Kwa kuwa tunakula meza moja, nikamwambia pia mke wangu, Mama Mutua.

Mama Mutua akalipeleka kwa akina mama wenzake kama ombi la maombi. Simlaumu. Lakini katika kanisa letu ombi la maombi husafiri upesi kuliko umeme, na lenyewe halikatiki.

Jumapili ya kwanza ya mwaka tulikuta kitambaa kipya nyuma ya mimbari: Mwaka wa Ushindi. Mchungaji wetu, kijana mwenye bidii na sauti isiyohitaji kipaza sauti anachokishika, aliwaita watu mbele watangaze malengo yao. Mmoja akataja gari. Mwingine akataja mume, na akina mama wakapiga vigelegele. Kisha nikasikia naitwa mimi.

"Mwalimu wetu anaandika kitabu ya ushindi!" Mchungaji akanguruma. "Hii kanisa itasomwa mpaka Ulaya! Geukia jirani yako umwambie, niko kwa kitabu!"

Kanisa zima likageuka. Niko kwa kitabu! Niko kwa kitabu! Hata bibi anayeketi karibu na mlango, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yangu, alimshika jirani mkono na kumwambia yumo kitabuni.

Sikuwahi kutamka neno ushindi.

Hapo ingekuwa aibu ndogo, ya kupita. Lakini sisi tuna desturi yetu, tunaiita shukrani za mapema. Ukiomba kwa imani, hungoji jibu; unashukuru kana kwamba umeshapewa. Watu wanapika, hema linasimamishwa, kwaya inaimba, kisha jibu linatarajiwa lifuate kwa adabu. Jumapili moja ya mwezi ujao ikatengwa kwa ajili ya kitabu changu, ambacho hakijafika nusu. Mzee Sankale, mfugaji wa Kisaju na mzee wa kanisa mwenzangu, akasimama na kuahidi fahali.

Jumatatu asubuhi fahali akawa langoni kwangu.

"Sopa, Mwalimu," Sankale akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Mzee, shukrani ni mwezi ujao."

"Najua. Lakini huko kwangu nyasi imeisha, na wewe uko karibu na ile ya kununua. Wacha akae hapa anenepe pamoja na kitabu yako."

Kitabu hakijanenepa. Fahali amekula bustani nzima ya sukuma wiki ya Mama Mutua na pindo la leso iliyokuwa kambani. Nikikaa kuandika, ananguruma. Nikinyamaza nifikiri, ananguruma zaidi. Na kila anayekuja kumtazama hupitia mezani kwangu kunikumbusha wajibu wangu. Mwenyekiti wa kwaya alinikalisha asubuhi nzima.

"Mwalimu, usinisahau huko ndani. Ile siku nilitoa viti, weka hiyo. Na picha yangu, ile ya suti."

Nilimwuliza kama angependa pia picha ya viti. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo.

Naweza kuvumilia viti. Nisichoweza kuvumilia ni hili.

Kitabu changu kinamhusu Mutua, mtoto wetu wa kwanza.

Aliugua ugonjwa wa damu akiwa kidato cha pili, mwaka 1998. Kanisa liliomba, likafunga, kisha likatangaza shukrani za mapema kwa uponyaji wake. Mbuzi walichinjwa. Mutua aliketishwa mbele, amevaa koti langu lililomzidi mabega, blanketi magotini, akitabasamu ili asimwangushe mtu yeyote. Hakula hata kipande. Kabla ya mwezi kwisha tulimzika Machakos.

Tuliporudi, sufuria zilizopikiwa shukrani zilikuwa bado zimepinduliwa kando ya ukuta wa jikoni kwetu, safi, zikingoja wenyewe wazichukue. Jumapili iliyofuata mahubiri yalihusu uwakili mwema wa mali. Hakuna aliyetuchukia. Walitupenda sana. Ila walikuwa wameshashukuru, na hawakujua waseme nini tena.

Kitabu changu kinahusu Jumapili hiyo.

Si kitabu cha kuipinga imani. Bado naamini, na bado naomba, ingawa kwa maneno machache kuliko zamani. Nataka kumwandikia mzazi anayerudi kutoka makaburini na kuzikuta sufuria hizo. Nimesoma vitabu vingi vya Kikristo vinavyoanza na ugonjwa na kuishia na vigelegele. Sijapata hata kimoja kinachoketi na mtu huyo jikoni.

Mchungaji hajui. Alikuja miaka mingi baadaye. Anachojua ni kwamba anataka jina la kitabu ifikapo Jumatano, ili fundi aliandike kwenye kitambaa cha sherehe. Yeye amependekeza Ushindi Wetu. Na kwa kweli kitabu hicho ningeweza kukiandika bila kutoa jasho. Kingependwa, kingenunuliwa, na viti vingekuwamo.

Jana Sankale alikuja kumwangalia mnyama wake. Nikaona nimalize jambo. Nikamwambia amrudishe nyumbani, maana hakuna kitabu cha ushindi. Kuna kitabu cha Mutua, na sherehe ya mapema siiwezi mara ya pili.

Alimkuna fahali shingo kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huyu hajui kusoma," akasema. "Wewe andika."

Nilidhani amemaliza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ile ya Mutua tulichinja mapema. Siku ya kumzika sikuwa na uso ya kuja."

Miaka yote hii nilidhani alikuwa mbali na mifugo.

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Namanga. Fahali akabaki.

Asubuhi hii nilimweleza Mama Mutua kila kitu. Alikuwa akiosha vyombo, na hakuacha kuosha. Nilitarajia aseme andika, au aseme usiandike. Kwa vyovyote ningepata wa kubishana naye.

"Baba Mutua," akasema, "mimi siku hiyo nitakuwa mbele na kwaya, nimevaa gauni. Kama ni jina lake litatajwa, niambie mapema. Sitaki kusikia kwa maikrofoni."

Akanipa kikombe nikipanguse.

Basi hayo ndiyo malengo yangu ya mwaka mpya: nimwambie Mchungaji ukweli na niharibu sherehe ya watu wema, au nimpe jina analolitaka na nimzike mwanangu mara ya pili, chini ya kitambaa. Nimekaa hapa tangu chai, na kila nikiandika jina moja nalifuta.

Nina hadi Jumatano. Nikishaamua, wa kwanza kujua atakuwa Mama Mutua, kwa mdomo, jikoni, vyombo vikiwa vimewekwa chini. Kisha nitaandika hapa, hata ikiwa ni sentensi moja. Wenye vipaza sauti watasubiri.

Sasa niruhusuni ninyanyuke. Fahali ananguruma, maji yamemwishia, na ndoo iko upande wangu.