Nukta ya Mama Kwenye Ramani ya Kanisa

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Nunguni tuko salama. Mvua imenyesha, maharagwe yameshika, na babu yako analalamikia goti kama kawaida.

Umeuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuchora ramani ya chumba, kama mnavyofundishwa huko chuoni. Ni mimi susu yako. Nilikuwa msichana wa sekondari, na wazee wa kanisa walitaka ramani ya ndani ili fundi ajue benchi zitakaa wapi. Kona ya mlango nikaiita sifuri. Kila kitu kikapata namba mbili: umbali kufuata ukuta, na umbali kutoka ukutani. Halafu Jumapili baada ya ibada nikawaomba akina mama wabaki palepale walipoketi sakafuni, nikawapima nao, kila mmoja na nukta yake.

Mwenyekiti wa wazee akaiangalia karatasi. "Futa hizi nukta. Benchi ni za wanaume. Hapa hakuna kitu."

Hakuna kitu! Maji ya kujengea lile kanisa yalipanda kutoka mtoni kwa migongo ya hao akina mama, yeye akiwa amekaa kivulini akitoa amri! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Mama yangu, ambaye hakujua kusoma, akauliza, "Mimi ni ipi?" Nikamwonyesha. Akakandamiza kidole juu ya nukta yake, akamtazama mwenyekiti.

"Sasa futa."

Hakufuta.

Ukimaliza ramani yako niletee niione, lakini usiniletee ya chumba kitupu.

Susu yako